Mkono Usiozuiwa: Mchezo wa God of War na Utendi wa Mwindo Katika Mazingira ya Goma

Mhakiki wa fasihi anapokutana na mchezo wa video huwa anaona njia mbili mbele yake. Ya kwanza ni kuupuuza kwa kuuhesabu kuwa ni pumbao la vijana wasio na kazi. Ya pili ni kuulaani kwamba unawaharibu vijana haohao. Njia zote mbili zinamwepusha na wajibu wake, yaani kuisoma kazi iliyo mbele yake. Makala haya yanauchukua mchezo mmoja mashuhuri, God of War, uliojengwa juu ya visasili vya Wagiriki wa kale na kupewa alama ya watu wazima tu kwa sababu ya damu na uchi uliomo ndani yake, na kuuweka kando ya utendi wa Mwindo, mali ya Wanyanga wa Walikale, magharibi ya mji wa Goma. Kulinganisha huku si mzaha. Kazi zote mbili zina mwana anayemwandama baba aliyetaka kumwangamiza. Zote mbili zinamshusha shujaa kuzimu na kumpandisha tena. Zote mbili zinampa silaha ambayo ni kama kiungo cha mwili wake. Tofauti iliyo kubwa kuliko zote iko mahali pamoja, na hapo ndipo penye uzito kwa msomaji wa Goma: ni nani anayeuzuia mkono wa mwenye kisasi?

Goma ni mji unaokaa juu ya moto. Tarehe 17 Januari 2002 uji wa moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya mji, ukafunika sehemu ya njia ya ndege na kuingia katika ziwa Kivu. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulipasuka tena na watu wakakimbia usiku. Watu wamejenga nyumba na kuta kwa mawe yaleyale yaliyowafukuza. Kwa hiyo dhana ya kuzimu yenye moto haihitaji kufafanuliwa hapa kwa kutumia vitabu vya Kigiriki. Katika imani ya kubandwa, iliyoenea Rwanda na pande za Kivu, waliowekwa wakfu kwa Ryangombe huenda kuishi naye katika mlima Karisimbi wakifa, na wale wasiowekwa wakfu hutupwa Nyiragongo wakateseke. Wanyanga nao huweka makazi ya miungu na wafu katika milima hiyohiyo ya moto, na mungu wa moto wanamwita Nyamurairi, jina linalomkumbusha kila mtu mlima Nyamuragira. Kijana wa Birere au Katindo anayemwona Kratos akijipandisha kutoka katika shimo la Hades anaona kitu ambacho babu yake angekitambua pasipo kuambiwa.

Ni vyema kwanza kuieleza kazi yenyewe, maana si wasomaji wote wa jarida kama hili waliowahi kushika kitufe chake. God of War ulitengenezwa na Santa Monica Studio, nchini Marekani, chini ya uongozi wa David Jaffe, ukatoka mwaka 2005 kwa ajili ya mtambo wa PlayStation 2. Sehemu ya pili, iliyoongozwa na Cory Barlog, ilitoka 2007. Ya tatu, iliyoongozwa na Stig Asmussen, ilitoka 2010 kwa PlayStation 3. Pembezoni mwa hizi tatu kuna visa vingine vidogo, lakini uti wa mgongo wa hadithi ni huo. Mhusika mkuu ni Kratos, jemadari wa Sparta. Akiwa karibu kuuawa na adui vitani anamwita Ares, mungu wa vita, na kumpa maisha yake. Ares anamwokoa na kumfunga panga mbili kwa minyororo iliyochomwa ndani ya nyama ya mikono yake. Siku moja, katika kushambulia kijiji, Kratos anaingia katika hekalu na kuua kila aliyemo. Ares alikuwa ameitega nafsi yake, kwani waliouawa humo ni mkewe na binti yake. Majivu yao yanagandishwa katika ngozi yake kwa laana ya bibi wa kijiji, ndiyo sababu ya weupe wake wa kaburi. Anamuua Ares na kukalia kiti chake. Anasalitiwa na Zeus, anatambua kuwa Zeus ni baba yake, kisha anaiangamiza jamii nzima ya miungu ya Olympus.

Mwanafunzi wa fasihi ya Kigiriki atagundua haraka kwamba hii si nakala ya visasili bali ni mchanganyiko wake. Kratos wa zamani, anayeonekana kwa Hesiod na katika tamthilia ya Prometheus aliyefungwa, inayohusishwa na Aeschylus, si muasi hata kidogo: ni Nguvu yenyewe, mtumishi mtiifu wa Zeus, anayesimamia kufungwa kwa Prometheus kwenye mwamba. Kisa cha kuua mke na watoto kwa wazimu ni cha Heracles, nacho kimeandikiwa tamthilia na Euripides. Ugomvi wa baba na mwana ni urithi wa ukoo mzima: Cronos alimkata Uranus, Zeus akampindua Cronos. Watengenezaji wa mchezo wamempa mtumishi jina, wakampa dhambi ya shujaa mwingine, kisha wakamweka mwishoni mwa mlolongo wa watoto wanaowang'oa baba zao. Si kosa. Wasanii simulizi wote hufanya hivyo, na anayewalaumu watengenezaji hawa kwa kuchanganya itambidi awalaumu pia waimbaji wa Liongo, ambao kila mmoja alikuwa na Liongo wake.

Utendi wa Mwindo una historia tofauti kabisa ya kufika mikononi mwa wasomaji. Mwaka 1956, katika kijiji cha Bese, msimulizi Shé-Kárisi Rureke aliusimulia kwa siku kumi na mbili mbele ya Daniel Biebuyck, mwanaanthropolojia wa Kibelgiji, aliyeuhariri pamoja na Kahombo Mateene, Mnyanga mwenyewe na mtaalamu wa lugha ambaye baadaye aliongoza ofisi ya lugha ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika mjini Kampala. Kitabu kikatoka Marekani mwaka 1969 katika Kinyanga na Kiingereza. Mwaka uliofuata Ruth Finnegan alionyesha katika kitabu chake juu ya fasihi simulizi ya Afrika mashaka makubwa kuhusu kuwapo kwa tendi barani humu. Isidore Okpewho alimjibu kwa kitabu kizima mwaka 1979, na Mwindo alikuwa miongoni mwa mashahidi wake wakuu. Wasomi wa Afrika Mashariki, hasa Mulokozi katika kazi yake juu ya nanga za Wahaya, waliuendeleza mjadala huo. Biebuyck alichapisha masimulizi mengine matatu mwaka 1978, nayo hayafuatani katika kila tukio. Makala haya yanafuata lile la Rureke.

Shemwindo, mfalme wa Tubondo, anaamuru wake zake saba wazae wasichana tu. Mvulana atakayezaliwa atauawa. Mwindo anazaliwa, na tangu kuzaliwa anatembea na kusema, ameshika mkononi conga, yaani mgwisho wa mkia wa nyati. Baba anamrushia mikuki, inashindwa. Anamzika hai, anatoka. Anamfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni, naye anasafiri majini hadi kwa shangazi yake Iyangura. Wajomba zake, wahunzi, wanamfulia mavazi ya chuma. Nkuba, bwana wa radi, anaiteketeza Tubondo kwa ombi lake. Shemwindo anang'oa mmea na kukimbilia chini ya ardhi, na Mwindo anamfuata. Hadi hapa mchezaji wa God of War angeweza kudhani kwamba anacheza sehemu ya nne.

Mnyororo na kamba

Zingatia kwanza vifaa. Kratos anaingia Hades na minyororo mikononi. Mwindo anaingia kuzimu na kamba. Mnyororo wa Kratos una ncha mbili: moja imo katika nyama yake, nyingine ina upanga. Haumwunganishi na mtu yeyote aliye hai. Aliyemfunga alikuwa bwana wake, na hata baada ya kumuua bwana huyo Kratos anaendelea kupigana kwa namna ileile, kwa silaha zinazofanana na zile, kana kwamba mikono haijui njia nyingine. Hapa ubunifu wa mchezo ni wa hali ya juu, na inafaa kuusifu: vidole vya mchezaji navyo vinazoea mzunguko wa mnyororo mpaka vinautamani. Mtu hahitaji kuelezwa utumwa wa Kratos. Anao mikononi.

Kamba ya Mwindo ina ncha mbili pia. Moja imefungwa kwake, nyingine ameishika shangazi. Kabla ya kushuka anamwambia kwamba kamba ikitulia pasipo kutikisika, ajue kuwa amekufa. Kila pigo analopata huko chini linafika juu kwa Iyangura, na katika shida zake ujumbe unapita. Hajawahi kuwa peke yake. Mtafiti wa jamii za Kibantu ataona mara moja kwa nini ni shangazi na si mama: Iyangura ni dada ya Shemwindo. Anashikilia kamba ya mpwa wake anayekwenda kumkamata kaka yake. Yeye ni upande wa mwana na upande wa baba kwa wakati mmoja, na ndiye pekee anayeweza kuwa hivyo. Kratos hana mtu wa namna hii. Athena, dada yake kwa baba, anakaribia nafasi hiyo katika sehemu ya kwanza; katika sehemu ya pili anakufa akijitupa mbele ya upanga uliokusudiwa Zeus; katika sehemu ya tatu anarudi kama kivuli chenye hila zake mwenyewe. Watengenezaji wameitambua nafasi ya shangazi, kisha wakaifuta.

Kuna pia chakula. Kuzimu, Mwindo anakutana na Kahindo, mwenye bahati njema, akiwa amejaa vidonda vya buba. Anamwosha. Kahindo anamfundisha akikatae kiti na pombe atakavyokaribishwa na Muisa, kwani ndani yake mna mauti. Ni tukio dogo, na wahakiki wengi hulipita haraka wakikimbilia mapigano. Lakini ujuzi wa kushinda kuzimu unapatikana kwa kuosha vidonda vya mgonjwa, si kwa kuvitia. Katika mchezo, kila mwanamke ambaye Kratos anakutana naye njiani ni kifaa, na katika sehemu ya tatu hilo linafikia kiwango cha kutisha: mwanamke mmoja, mateka wa Poseidon, anafungwa kwenye gurudumu ili lisirudi nyuma na mlango ubaki wazi. Analia, anasihi, anakufa. Mlango umepitika.

Mkono wa mchezaji

Lawama ya kawaida dhidi ya kazi kama hii ni kwamba ina damu nyingi. Lawama hiyo ni dhaifu. Tendi za dunia nzima zimejaa damu, na ule wa Mwindo haukosi: Tubondo inageuzwa vumbi, Muisa anapigwa na conga hadi anakufa. Jambo la pekee katika mchezo wa video ni kwamba hadhira ndiyo inayotenda. Katika simulizi la Rureke hadhira iliitikia nyimbo na kutoa zawadi, vijana wakapiga mdundo. Lakini ni Rureke aliyeamua lini Mwindo atapiga na lini ataacha. Hapa ni mchezaji.

God of War unalijua hilo na kulitumia kwa ustadi wenye ukatili. Katika sehemu ya kwanza kuna askari aliyefungiwa katika kizimba. Anaomba aachiliwe. Njia haifunguki mpaka mchezaji mwenyewe akisukume kizimba hadi kwenye moto na kumteketeza kama kafara. Hakuna njia ya pembeni wala jibu la pili. Anayekataa kumchoma imembidi auzime mtambo. Katika sehemu ya tatu Poseidon anauawa, na mchezo unabadilisha macho: mchezaji anatazama kwa macho ya anayeuawa, anauona uso wa Kratos ukimjia, na kisha anatakiwa abonyeze vijiti viwili vya maneti, kama watu wa Goma wanavyoiita kwa Kifaransa, ili vidole gumba vya Kratos viyatoboe macho hayo. Mtu anajitia upofu kwa vidole vyake mwenyewe. Ni vigumu kukumbuka tukio katika filamu linalomfanya mtazamaji kuwa muuaji na muuawa kwa pamoja namna hii.

Kilele kiko kwa Zeus. Baba amekwisha kushindwa, yuko chini. Kratos anampiga ngumi kila mchezaji anapobonyeza kitufe. Damu inaanza kukichafua kioo, inaongezeka, mwishowe kioo chote ni chekundu na hakuna kinachoonekana. Mchezo hausimami. Hausemi neno. Unaendelea kupiga madhali kitufe kinaendelea kubonyezwa, na utakoma mchezaji atakapokoma. Wengi, kwa mazoea waliyopewa kwa saa nyingi, wanapiga muda mrefu kupita haja kabla ya kutambua kwamba uamuzi ulikuwa wao.

Hiki ni kipande bora kuliko vyote katika mfululizo huo, na ndicho kinachoonyesha upungufu wake. Ni bora kwa sababu kinauliza swali kwa njia ambayo kitabu hakiwezi: wewe utaacha lini? Ni pungufu kwa sababu swali linaulizwa mahali ambapo hapana mtu wa kulijibu ila mpigaji mwenyewe, gizani, peke yake. Hakuna kamba. Kifo cha kila mungu kilikwisha kuiharibu dunia: alipokufa Poseidon bahari ilifurika, alipokufa Helios jua lilifunikwa, alipokufa Hermes tauni ikatoka, alipokufa Hera mimea ikanyauka. Kufikia ngumi ya mwisho hakuna raia wa kuhukumu, kusamehe, wala kulaani. Wachache waliosalia wakikimbia huku na huku mchezaji aliruhusiwa kuwaua njiani, na kuwaua kulimrudishia afya.

Mtu wa Goma anaposhika maneti hiyo, kuna neno jingine ambalo halifai kupitwa. PlayStation 2 ilianza kuuzwa Japani mwezi Machi 2000. Mwaka huohuo bei ya tantali, inayotokana na koltani na kutumika katika kapasita za simu, kompyuta na mitambo ya michezo, ilipanda kwa ghafla, na watu wengi wa Kivu wakaacha mashamba wakaingia machimboni. Baadaye walitokea waandishi wa ng'ambo walioviita vita vya Kongo kwa jina la mtambo huo. Jina hilo linarahisisha mno. Vita vilianza 1996 na tena 1998, kabla mtambo haujauzwa popote, na mahitaji ya simu pamoja na ulanguzi yaliisukuma bei ile. Hata hivyo machimbo ya Rubaya, katika Masisi, hayako mbali na mji, na hakuna mwanafunzi wa Goma asiyejua kinachotoka huko. Mchezo unaozungumzia kisasi kisicho na kikomo unachezwa, basi, kwa chombo ambacho huenda kimebeba chembe za udongo wa jirani. Mhakiki hapaswi kujenga hoja yake yote juu ya jambo hili, ila akilinyamazia atakuwa amesoma nusu ya kazi.

Kamari na baraza

Mwindo naye anafika mahali pa kucheza. Shemwindo, akikimbia kutoka kwa mwenyeji mmoja wa kuzimu hadi mwingine, amejificha kwa Sheburungu, ambaye ndiye Muumba. Sheburungu hapigani. Anamwalika Mwindo wacheze kamari ya mbegu. Mwindo anapoteza, anaweka dau jingine, anapoteza tena, mpaka amebakiwa na conga peke yake. Anaiweka. Hapo bahati inageuka, anarudisha vyote alivyopoteza na kushinda vya Sheburungu pia, na baba yake anakabidhiwa kwake. Silaha ambayo Kratos hawezi kuibandua mikononi, Mwindo anaiweka mezani kama dau. Anampata baba kwa kuwa tayari kuipoteza. Tukio hili lingekuwa hazina kwa mtengenezaji yeyote wa michezo, maana ni mchezo ndani ya utendi, wenye kanuni, hasara na ushindi, na mpinzani wake ni Mungu mwenyewe.

Kisha Mwindo hamwui. Anapanda naye. Conga ileile iliyoua inawarudishia uhai watu wa Tubondo. Baada ya hapo utendi, ambao ulikuwa ukikimbia, unakaa chini. Linaitishwa baraza. Mwindo, Shemwindo na Iyangura wanapewa viti, na Shemwindo anasimama mbele ya watu wote na kujishitaki mwenyewe: anataja amri yake, mikuki, kaburi na ngoma. Iyangura anasema pia, na maneno yake hayamlengi kaka yake peke yake. Anawageukia washauri na wakubwa waliokuwapo wakati ule wa uovu. Hili ni jambo la kisiasa la hali ya juu. Dhuluma ya mfalme inasomwa kuwa ni dhuluma ya baraza lake. Baba anataka kumwachia mwana kiti, mwana anasita kutawala baba akali hai, wazee wanatoa rai ya kuigawa nchi, na mwishowe Mwindo anasimikwa. Msomaji aliyezoea kasi ya mapigano anaweza kuiona sehemu hii kuwa ndefu na yenye maneno mengi. Ni ndefu kweli. Kumwua mtu ni kazi ya dakika moja. Kumkalisha akiri mbele ya aliowaua ni kazi ya siku.

Wasomaji wa Kiswahili wanao mfano wa tatu wa kupimia. Liongo Fumo anauawa na mwanawe kwa sindano ya shaba kitovuni, kwa tamaa ya ahadi za mfalme. Hapo hakuna maridhiano, na utamaduni haumwachi mwana apumzike: hapati alichoahidiwa, naye anabaki na jina la msaliti. Pwani ilichagua hukumu, Wanyanga walichagua baraza, na God of War wa 2005 hadi 2010 haukuchagua lolote kati ya hayo. Kratos anajichoma upanga, na nguvu aliyokuwa nayo inatawanyika juu ya nchi ambayo watu wake wameangamia.

Haki inadai kuongeza kwamba watengenezaji wenyewe waliliona pengo. Mwaka 2018 walimrudisha Kratos akiwa mzee, katika nchi ya visasili vya Skandinavia, mjane aliye na mwana mdogo, Atreus, ambaye hajaambiwa baba yake alikuwa nani. Barlog, aliyeongoza sehemu ya pili, ndiye aliyeiongoza na hii, na inaonekana kama mtu anayejibu maneno yake ya zamani. Kratos anamkuta mwana mwingine, Baldur, akitaka kumnyonga mama yake, naye anaingilia kati; mzunguko ukatike, anasema, kwa mkono uleule uliovunja shingo. Sehemu ya 2022, Ragnarök, iliendelea, na nyongeza yake ya Valhalla, Desemba 2023, ilimrudisha katika kumbukumbu za Ugiriki ili akabiliane na aliyokuwa. Baada ya kujisuta anakubali kiti katika baraza jipya linaloundwa na Freya. Neno baraza limefika hatimaye, baada ya miaka kumi na minane.

Lakini ni baraza la namna gani? Lile la Freya linatazama mbele. Waliozama katika gharika la Poseidon hawamo. Kujisuta kwa Kratos kunafanyika ndani ya kichwa chake, na anayemjibu humo ni kichwa cha Helios alichokikata mwenyewe na kukitumia kama taa. Ni kazi ya kusisimua, iliyoandikwa vizuri kuliko michezo mingi ya aina yake. Bado ni toba ya mtu mmoja, inayosikilizwa na mtu mmoja. Shemwindo hakupewa nafasi ya kujisuta faraghani.

Katika Kivu Kaskazini tofauti hii si ya vitabuni. Mwaka 1998 wazee wa makabila ya jimbo walikutanishwa Goma katika chombo kilichoitwa Barza Intercommunautaire, jina lililochukuliwa waziwazi kutoka katika Kiswahili, ili kusuluhisha ugomvi wa ardhi na madaraka kabla haujafika kwenye bunduki. Kilifanya kazi yake kwa kiasi, kikavunjika mwaka 2005 siasa zilipokitawala. Mji ulishikwa na M23 mwezi Novemba 2012, na tena Januari 2025. Kijana aliyekua katika miaka hiyo ameona watu wengi wenye minyororo ya Kratos, na mabaraza machache. Kumwambia kwamba mchezo utamfundisha ukatili ni kumdhania kuwa hajauona. Kinachoweza kumpotosha ni kuaminishwa kwamba mwenye kisasi, akisha kumaliza, hubaki ama na upanga wa kujichoma ama na kumbukumbu za kujisuta, na kwamba hakuna la tatu.

Utendi wa Mwindo wenyewe haukudhani kwamba baraza moja linatosha. Baada ya kusimikwa, Mwindo anaua joka, Kirimu, lililowameza watu wake, bila kujua kwamba joka hilo ni mchale wa damu wa Nkuba. Rafiki yake wa radi anashuka na kumchukua juu. Huko anakaa mwaka mzima katika baridi, upepo, mvua na joto la jua, haruhusiwi kujibu wala kutumia conga. Anaporudi Tubondo amekatazwa kuua mnyama yeyote, na Nkuba atakuwa akimtazama. Mwindo anawakusanya watu na kuwasimulia alichokiona mbinguni, kisha anawapa sheria: walime vyakula vya aina nyingi, wasigombane, wasimcheke kilema.